Kinanda cha Babu Kiko Darini: Namna ya Kukipata na Kukifufua

Gramafoni za mkono zilizobaki katika nyumba za Gare, huku milima ya Usambara, na vijiji vya jirani huzikuti sebuleni. Ziko darini juu ya jiko la kuni, katikati ya mahindi ya mbegu na debe lililotoboka, zimeshika masizi hadi nembo haisomeki. Wajukuu wanajua tu kwamba kile ni kinanda cha babu. Wengine hata hilo hawalijui, na siku mnunuzi wa vyuma chakavu anapopita na mizani yake kinanda kinateremshwa, sanduku linavunjwa kuwa kuni, mtambo unapimwa kwa kilo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kumtangulia mnunuzi huyo. Kufufua gramafoni si kazi ya jioni moja, lakini karibu yote inaweza kufanyika kati ya Gare na Lushoto mjini, kwa sababu mashine hii haina umeme wala waya hata mmoja. Ni springi, meno, ngozi, mpira, mbao na utando mwembamba. Kwa kila kimoja cha hivyo mlima una fundi wake tayari: fundi saa, fundi cherehani, fundi viatu, fundi baiskeli, seremala. Anayekosekana ni mtu wa kuwaonyesha cha kufanya na, muhimu zaidi, pa kuachia.

Usishangae kuzikuta huku juu. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka Mombo barabara ya kona inapanda kupitia Soni hadi Lushoto, kama kilomita 33. Gare iliwapokea wamisionari Wakatoliki wa shirika la Watrapisti mwishoni mwa karne ya 19, na penye misheni hapakosi walimu, makarani na maseremala wa mshahara. Chini bondeni kulikuwa na mashamba ya mkonge. Mwenye kipato katika miaka ya 1930 hadi 1950, akishanunua baiskeli na cherehani, hakuwa na sababu ya kukikosa kinanda, hasa kwa vile nyimbo za Kiswahili za kupiga zilikuwepo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, na kampuni nyingine hazikukawia kufuata.

Ipi ya kweli, ipi ya kuchongwa jana

Nyingi utakazozikuta ni za kubeba: sanduku la mraba lenye mpini wa kushikia, lililovikwa kitambaa cha mfano wa ngozi, mara nyingi cheusi. Ukifungua kifuniko unaona sinia la kuzungushia santuri, mkono wa chuma unaokunjwa, na kichwa cha duara kinachoshika sindano. Pembe la sauti halionekani, limefichwa ndani ya sanduku. Majina ya kuyakumbuka ni HMV (ndiyo hiyo His Master's Voice), Columbia na Decca. HMV namba 101 ilianza kutengenezwa mwaka 1925. Mwaka 1931 ikaja namba 102, ambayo iliendelea hadi miaka ya 1950 na kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote za aina yake. Decca ni ya zamani zaidi, ilianza mwaka 1914 na askari wa Uingereza walikwenda nayo mahandakini katika Vita vya Kwanza. Ndani ya masanduku ya majina mengine madogo utakuta mitambo ya Garrard ya Uingereza au Thorens ya Uswisi. Hiyo ni mitambo mizuri, usiidharau kwa sababu jina la juu hulijui.

Ile unayoiona katika maduka ya vitu vya watalii, yenye pembe kubwa la shaba linalong'aa na sanduku lililonakshiwa kila upande, iache hapo hapo. Nyingi hutengenezwa India kwa ajili ya mapambo. Mwenye duka atakuonyesha picha ya mbwa anayesikiliza pembe, ile nembo ya HMV, lakini picha haithibitishi kitu, huchapwa popote. Bonyeza ukingo wa pembe kwa kidole: shaba ikibonyea kama bati la kopo, umeshapata jibu. Angalia mpini wa kutilia ufunguo. Kama tundu lake limetobolewa upya kwenye mbao, au mpini umeingia kwa mshazari usioeleweka, mtambo huo haukuzaliwa na sanduku hilo. Linaloniudhi zaidi ni kwamba mtambo wenyewe mara nyingi ni wa kweli, umeng'olewa katika gramafoni ya kubeba iliyokuwa nzima.

Mwenye mali ni nani?

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kijana anakukimbilia njiani, anakwambia anacho kinanda, anataka hela leo hii. Huenda kweli kipo kwao. Lakini mali ya marehemu babu ina watoto wa babu, na mmoja yuko Tanga, mwingine Dar es Salaam, na bibi mwenyewe bado yu hai anakoka moto chini ya dari hilo hilo. Ukilipa njiani umenunua ugomvi.

Nenda nyumbani, mchana, watu wakiwepo. Toa shikamoo kwa bibi, kaa, kunywa chai uliyopewa, na usianze na bei. Uliza kinanda kilinunuliwa na nani, wapi, kilipigwa siku gani, nani aliruhusiwa kukishika. Maswali hayo si adabu tu, yana faida ya ufundi. Bibi akikwambia kiliacha kuimba siku watoto walipozungusha mpini mpaka kikalia "pwaa!", umeshajua springi imekatika kabla hujakigusa. Akikwambia kilikuwa kizima mpaka santuri zilipovunjika, huenda unachohitaji ni mafuta tu.

Mkikubaliana, andikeni. Karatasi moja ya mauziano yenye maelezo ya mashine, nembo na namba kama ipo, majina na sahihi za muuzaji, mnunuzi na mashahidi wa pande zote mbili, na mwenyekiti wa kitongoji ajue. Wengine watacheka kwamba unaandikia hati kinanda kibovu. Waache wacheke. Kikishaanza kuimba, na habari ikafika kwa mjomba wa Dar es Salaam, hati hiyo ndiyo itakayokulinda wewe na kumlinda bibi. Kama mashine iko kwenye jengo la parokia au shule, mlinzi na mpishi hawana mamlaka ya kuiuza hata kama wameikuta stoo imetupwa. Mwone paroko au mkuu wa shule, na jibu likiwa hapana, basi.

Kuhusu bei, usimpunje mtu kwa kumtajia bei ya chuma chakavu. Piga hesabu ya mbele: sindano, pengine springi mpya kutoka Uingereza pamoja na usafirishaji na ushuru wa forodha, malipo ya mafundi, nauli. Toa hiyo katika kile ambacho mashine nzima ingekufaa kwako, halafu sema wazi mbele ya wote kwa nini unatoa kiasi hicho. Kuna pia mkataba mwingine ambao watu hawaufikirii: hununui kabisa. Unaitengeneza kwa gharama yako, inabaki kwao, na wewe una ruhusa ya kuja kuipiga na kurekodi santuri zao. Kwa familia yenye santuri nyingi mimi ningechagua huo.

Kukagua bila kuharibu

Njoo na tochi, bisibisi bapa na kitambaa. Kwanza hesabu viungo: mpini wa ufunguo, mkono, kichwa, sinia, breki. Mpini ukikosekana si msiba, fundi wa kuchomelea atakukunjia mwingine akipewa kipimo cha tundu na aina ya uzi wake. Kichwa kikikosekana fikiri mara mbili, maana hicho hakichongwi mtaani. Mashine chafu iliyokamilika ni bora mara kumi kuliko iliyopakwa vanishi ikapungukiwa kichwa.

Halafu gusa ufunguo. Zungusha taratibu, mizunguko michache tu, mkono mwingine ukiwa tayari kuuzuia mpini usirudi kwa nguvu. Ukizunguka mfululizo bila uzito wowote, springi imekatika au imechomoka kwenye ndoano yake. Ukiwa mzito halafu kukasikika kishindo ndani ya mtambo, grisi ya zamani imeganda na springi inajiachia kwa mikupuo. Ukiwa mzito mpaka mwisho na sinia haliendi, angalia breki kabla ya kulaumu kitu kingine, kisha lisukume sinia kidogo kwa kidole. Mtambo uliolala miaka arobaini mara nyingi hutaka hisani hiyo ndogo tu. Mpini ukirudi nyuma wenyewe, uachie na utoe mkono, kwani meno ya kuzuia yamekwisha na mpini huo unaweza kuvunja kidole.

Mulika shingo ya mkono na mgongo wa kichwa. Sehemu hizo, hasa katika mashine za miaka ya 1920 na 1930, zilimiminwa kwa mchanganyiko wa zinki ambao ukizeeka huvimba na kupasuka wenyewe. Ukiona nyufa ndogo ndogo, au kichwa kimegoma kutoka kwenye mkono, usikilazimishe. Kikivunjika mkononi mwako ukiwa bado nyumbani kwa watu, utakuwa umekinunua.

Mwisho gonga mbao. Unga mpya wa njano unaodondoka maana yake bungua bado wako kazini. Masizi yasikutishe. Niliwahi kuona Columbia iliyokaa darini juu ya jiko miaka mingi. Nje ilikuwa nyeusi tii na inanata, lakini mbao zake hazikuwa na tundu hata moja, na mtambo haukuwa na kutu. Moshi ulikuwa umeikinga na wadudu pamoja na unyevu. Nyingine, iliyotunzwa kwa heshima katika chumba cha sakafu ya saruji, kitambaa chake kilikuwa kimebanduka na springi imeliwa na kutu. Kwa ukungu wa mlimani, heri dari la jikoni kuliko chini ya kitanda.

Kabla ya kuondoka, acha springi ijifungue yote mpaka sinia lisimame lenyewe. Chomoa kichwa, kifunge kwa kitambaa, kitie mfukoni mwako na si kwenye boksi. Funga mkono kwa kamba usichezecheze, nyanyua sinia kama linatoka kwa urahisi. Juu ya bodaboda kinanda kikae kati yako na dereva, kisifungwe nyuma kwenye keria, maana njia za huku zina mawe. Santuri zisafiri zimesimama, zimebanwa kwa nguo, kamwe zisilazwe moja juu ya nyingine. Ukiteremka nazo mpaka Mombo usiziache kwenye dashibodi ya gari. Jua la bondeni huzikunja zikawa bakuli.

Kuufungua mtambo

Tafuta meza yenye mwanga wa dirisha, na sahani za kutilia skrubu. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua kila kitu, na baada ya kukifungua. Skrubu za ubao wa juu zikitoka, ubao wote hunyanyuka ukiwa na mtambo umening'inia chini yake.

Kitu kimoja tu ndani ya mashine hii kinaweza kukuumiza vibaya, nacho ni springi. Ni ukanda mrefu wa chuma cha pua uliosokotwa ndani ya kopo la duara. Usifungue chochote kwenye mtambo kabla hujahakikisha imejifungua yote: legeza breki, subiri, zungusha sinia kwa mkono mpaka usikie hakuna msukumo tena. Na hata ikiwa imejifungua, ndani ya kopo bado imebanwa. Kama mashine haina kishindo na inazunguka vizuri, ushauri wangu ni kwamba kopo usilifungue kabisa. Kama ni lazima, vaa glovu nene na miwani, na uwe na fundi saa au fundi mwingine aliyewahi kushika springi kubwa. Hutolewa mzunguko mmoja mmoja kuanzia katikati, mkono ukiwa umeifunika muda wote. Springi iliyokatikia karibu na mwisho wake si ya kutupa: fundi huipasha moto ncha hiyo peke yake ilainike, anatoboa tundu jipya la ndoano, na maisha yanaendelea kwa springi iliyofupika kidogo. Iliyokatika katikati haina dawa. Agiza mpya kwa kutaja upana, unene, urefu na umbo la ncha zake, kwani jina la mashine peke yake halitoshi.

Mtambo uliobaki usafishe kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, nje ya nyumba, mbali na jiko. Petroli husafisha haraka zaidi, lakini sioni sababu ya kuichezea. Futa meno yote, kausha, kisha paka mafuta kwa akili: mafuta ya cherehani kwenye ncha za vyuma vinavyozunguka, tone moja moja, grisi kwenye meno makubwa, na kwenye springi, kama umeifungua, grisi nyeusi yenye grafaiti. Usitie grisi nzito mno ya magari. Mwezi Juni na Julai, asubuhi ya Gare, grisi hiyo hukaza na kinanda kitaanza wimbo kikiwa na usingizi.

Sasa mwite fundi saa kwa ajili ya gavana, sehemu nzuri kuliko zote kuitazama. Ni mhimili mwembamba wenye vitufe vitatu vya uzito, kila kimoja kimeshikwa na kijispringi bapa chembamba. Mtambo ukienda kasi vitufe hutanuka, hukivuta kisahani kidogo kikasuguane na pedi ya ngozi, na mwendo unashuka. Ukipungua vitufe hurudi. Hakuna akili ya kompyuta hapo, na bado mwendo hutulia kwa muda wote wa wimbo. Kagua kila kijispringi kama kina ufa, kaza skrubu zake, na usikikunje hata kidogo, kwani kimoja kikipinda kinanda kitatetemeka. Pedi ikiwa ngumu kama kwato, fundi viatu akukatie kipande cha ngozi laini cha ukubwa ule ule, ukiloweshe mafuta ya cherehani kabla ya kukipachika. Pedi kavu ndiyo inayofanya mashine ipige kelele ya panya, na watu hudhani meno yamekwisha.

Kichwa, penye sauti

Mtambo ukiwa mzima na kichwa kibovu, utasikia mtu anayeongea ndani ya debe. Hapa ndipo muda wako utumike.

Fungua skrubu za mgongoni. Utakuta utando wa duara umebanwa kati ya pete mbili za mpira, na mpira huo baada ya miaka sabini au themanini umekuwa jiwe. Sindano inapotikisika, utando unatakiwa uhame huru pembezoni mwake. Ukishikwa na mpira mgumu, sauti inakufa na santuri inaliwa. Toa mpira wa zamani kwa kijiti cha mwanzi, usitumie kisu. Mbadala uko kwa fundi baiskeli: mpira mwembamba wa valvu, ule wa mrija, ilimradi unene wake ulingane na mfereji wa kichwa. Pima mzunguko, kata ncha zake zikutane bila kupandana, weka mmoja chini ya utando na mwingine juu. Rudisha skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, kama unavyokaza nati za gurudumu, na uache mara tu kichwa kinapokuwa kimetulia. Ukikaza mpaka mwisho umerudia kosa la mpira mgumu.

Kwenye mashine za mwanzo utando ni wa ulanga, yale madini yanayobanduka karatasi kwa karatasi yenye kuonyesha mwanga. Tanganyika yenyewe iliuchimba katika milima ya Uluguru tangu enzi za Wajerumani. Ukiwa umepasuka au umebanduka tabaka, badilisha. Ulanga unaokutwa ndani ya pasi kuukuu za umeme unashawishi, lakini mwingi ni wa vipande vilivyogandishwa na hautoi sauti safi, kwa hiyo utumie kwa majaribio tu. Mashine za baadaye zina utando wa alumini wenye mikunjo. Huo ukibonyea usiunyooshe kwa kidole.

Katikati ya utando kuna skrubu ndogo inayouunganisha na mkono wa sindano, na juu yake lazima kuwe na tone la nta ili hewa isivuje. Nta ya nyuki inatosha kabisa, na wafugaji nyuki milimani hawakosekani. Iyeyushe kwenye ncha ya msumari uliopashwa moto, dondosha, basi. Kisha jaribu: weka mdomo kwenye tundu la nyuma la kichwa, vuta hewa taratibu. Utando ukishika bila hewa kupita, umefaulu. Gusa mkono wa sindano kwa kidole, usukume kushoto na kulia kidogo. Urudi katikati wenyewe pande zote mbili. Ukiegemea upande mmoja, legeza na urekebishe vijispringi au skrubu zake mpaka ukae sawa.

Paka grisi nzito kidogo kwenye maungio ya mkono. Pale nako sauti huvuja, na watu husahau.

Sanduku

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu ndipo watu wanapofanya mengi yasiyotakiwa. Masizi yatoe kwa kitambaa kilichokamuliwa baada ya kuchovywa kwenye maji ya sabuni ya mche, sehemu ndogo ndogo, ukikausha papo hapo. Spiriti isiguse mbao zenye rangi ya asili, itaiyeyusha. Kitambaa kilichobanduka kirudishe kwa gundi ya mbao. Bungua watilie dawa ya duka la pembejeo kwa bomba la sindano, kila tundu, funika kwa plastiki siku kadhaa. Kutu juu ya vyuma vyeupe futa kwa mafuta na kitambaa, msasa utauondoa weupe wenyewe. Na seremala akikwambia atakupigia vanishi kiwe kama kipya, mshukuru, mlipe kwa kiraka alichotia, ondoka na kinanda chako.

Kuipiga

Bandika kipande cha karatasi nyeupe ukingoni mwa sinia. Weka santuri usiyoijali, teremsha sindano, anzisha saa ya simu. Karatasi ipite mbele yako mara 26 katika sekunde 20, hiyo ni mizunguko 78 kwa dakika. Ikizidi au ikipungua, sogeza kidude cha mwendo. Pima huku santuri ikipigwa, kwani sinia tupu hudanganya. Tia ufunguo kabla ya kila upande; upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ni kama dakika tatu.

Sindano ya chuma ni ya upande mmoja tu. Nakuomba usilichukulie hili kuwa maringo ya wakusanyaji. Chuma cha sindano ni laini kwa makusudi, huchongeka kufuata mfereji, na ikifika mwisho ncha yake imeshakuwa patasi. Ukiirudisha kwenye santuri nyingine inakata. Kwa hiyo agiza za kutosha, mamia na si makumi. Zikikuishia, kumbuka kwamba Ulaya ziliwahi kuuzwa sindano za mianzi na za miiba, kwa ajili ya watu waliozihurumia santuri zao. Mwiba wa ncha ya jani la mkonge, uliokaushwa na kuchongwa ulingane na tundu la kichwa, ni jaribio linalofaa kufanywa na mtu wa mkoa wa Tanga. Sauti ya miiba huwa ndogo na laini, inatosha chumba.

Santuri zenyewe ziwe za 78 tu: nzito, zinazovunjika kama kigae, za mwanzoni mwa miaka ya 1960 kurudi nyuma. Zioshe kwa maji na tone la sabuni, ukikinga karatasi ya katikati isilowe, wala usitumie spiriti, maana zimetengenezwa kwa utomvu unaoyeyuka kwa spiriti. Santuri ndogo za plastiki za mizunguko 45, za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz wa Tanga au za Mbaraka Mwinshehe, usizithubutu hapa. Kichwa cha gramafoni hukandamiza kwa uzito wa zaidi ya gramu 100, wakati mashine ya umeme ya santuri hizo hutumia gramu chache tu. Pigo moja na wimbo umekwenda. Vivyo hivyo, ukikutana na santuri ya 78 ya Kiswahili ambayo hujawahi kuiona kwingine, ipeleke kwanza kwa mwenye mashine ya umeme yenye sindano ya 78, irekodiwe, ndipo uamue kama utaipiga kwa mkono.

Baada ya hapo bado jambo moja, na lifanye wakati bibi yupo. Chukua karatasi na kalamu ya risasi, andika jina la aliyekinunua kinanda, mahali alipokinunua, mwaka kama unakumbukwa, kazi aliyokuwa akifanya, na majina ya mafundi waliokigusa pamoja na walichobadilisha. Ibandike ndani ya sanduku, chini ya ubao wa mtambo. Kama kwenu kipo kimoja na hujakigusa bado, anza na karatasi hiyo leo, kinanda kitasubiri.